Nani Atapanda Mkarafuu?

Historia ya karafuu za Zanzibar husimuliwa mara nyingi kama historia ya mti na mfalme. Mti ulikuja kutoka ng'ambo, Seyyid Said bin Sultan akaona una faida, akaamuru watu waupande, na visiwa vikatajirika. Katika masimulizi hayo udongo wa Pemba husifiwa, mvua husifiwa, busara ya Sultani husifiwa, kisha msimuliaji hurukia meli za Bombay na London. Kinachosahauliwa njiani ni zile wiki chache ambazo bila yake hakuna karafuu: matumba yamejaa, rangi yake ya kijani imeanza kuelekea wekundu, na lazima mtu apande juu ayachume kabla hayajafunguka. Tumba likishachanua halina bei. Hoja ya makala haya ni kwamba swali lililoongoza siasa, sheria na umiliki wa zao hili kwa karibu miaka 200 halikuwa nani mwenye ardhi, wala nani mwenye mti, bali nani atakuwepo kuchuma siku hizo, na kwa masharti gani. Kila utawala ulilijibu kwa njia yake, na mengi yanayosemwa kuwa yalitokana na udongo, upepo au soko hueleweka vizuri zaidi tukianza na mchumaji.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoandika juu ya karafuu huishia kwenye harufu. Mkarafuu ni mti usiopukutisha majani, wa kijani mwaka mzima, unaoweza kufika mita 12 hadi 15 ukiachiwa. Huanza kuzaa ukiwa na miaka sita au saba, na ukitunzwa huzaa kwa miongo mingi, kiasi kwamba shamba lililopandwa na babu huchumwa na wajukuu. Baina ya msimu na msimu haudai makubwa: kupaliliwa, kuondolewa mapori, kuzibwa mapengo kwa miche mipya. Msimu ukifika, deni lote hudaiwa kwa pamoja. Matumba hayapevuki siku moja, hata katika tawi moja, kwa hiyo mti uleule hurudiwa zaidi ya mara moja. Matawi yake ni mepesi kukatika, na anayepanda bila kuujua mti huweza kushuka na tawi. Vinavyotiwa kwenye pakacha ni vishada. Jioni watu hukaa kitako, wanawake, wazee na watoto, wakachambua, tumba upande huu na kikonyo upande ule. Kisha karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku nne, tano au zaidi, zikiingizwa ndani kila wingu linapotanda, mpaka ziwe na rangi ya kahawia iliyokolea na kubakiwa na kama theluthi ya uzito wake. Zikilowana na kuchacha huwa mpeta, mali ya kuuzwa kwa masikitiko. Na juu ya hayo, mkarafuu hauzai kwa mpango: mwaka mmoja hufurika, miaka miwili inayofuata ukatoa kidogo. Hakuna mwenye shamba anayeweza kuweka mwaka mzima watu wa kutosha kwa mwaka wa neema, kwani katika miaka myembamba wangemfilisi. Ni zao linalotaka watu wengi mno kwa muda mfupi mno, tena katika miaka isiyotabirika.

Ugumu huo haukuwahangaisha waliohodhi karafuu kabla ya Zanzibar, kwa sababu wao walishughulika na miti. Kwao mkarafuu ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Makian na vijisiwa vya jirani. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi ya Mashariki iliamua kwamba karafuu za dunia zitoke Ambon na visiwa vilivyo karibu nayo, ikawa inatuma misafara ya mitumbwi ya vita kukata mikarafuu kila mahali pengine. Kwa Waholanzi utajiri ulikuwa uchache: punguza miti, bei itapanda. Hodhi hiyo ilivunjwa na Mfaransa Pierre Poivre, ambaye mnamo 1770 alifanikiwa kuingiza miche na mbegu za Maluku katika kisiwa cha Mauritius, wakati huo kikiitwa Île de France. Kutoka hapo mkarafuu ukaenda kisiwa cha jirani cha Bourbon, ndiyo Réunion ya leo, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu wa Oman aliyekuwa na uhusiano na Wafaransa wa visiwa hivyo, na mashamba yanayotajwa mwanzo ni ya Mtoni na Kizimbani.

Hapa ndipo masimulizi ya mti na mfalme huanza kutuficha jambo. Mauritius na Bourbon ndiko Zanzibar ilikotoa mche, lakini ndiko pia ilikokuwa ikipeleka watu. Kwa miongo kadhaa Wafaransa walinunua watumwa wa Kilwa na Unguja kwa ajili ya mashamba yao ya miwa. Mwaka 1822 Waingereza, ambao tayari walikuwa wameitwaa Mauritius, walimtia Seyyid Said katika mkataba wa Moresby, uliokataza kuwauzia mataifa ya Kikristo watumwa. Soko la kusini likabanwa, lakini misafara ya bara haikusimama, na mitaji iliyowekwa humo haikuyeyuka. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu za Zanzibar, ameonyesha jinsi biashara hiyo ilivyogeuka: mtu ambaye hakuweza tena kuuzwa nje aliwekwa visiwani azalishe kitu kinachoweza kuuzwa nje. Karafuu ndizo zilizokuwa karibu. Kwa hiyo mfuatano tuliouzoea, kwamba mti ulikuja kisha ukatafutiwa watu, umepinduliwa. Watu walikuwepo kwanza, wamefungwa, wakitafutiwa mti. Hata Saleh bin Haramil mwenyewe alinyang'anywa mashamba na Seyyid Said kwa madai ya kuukiuka mkataba huohuo kwa kuendelea kuuza watumwa, na Mtoni na Kizimbani zikawa mali ya Sultani. Kama kuna siku moja ambayo karafuu za Zanzibar zilipata mwendo wake wa kisiasa, nadhani ni hiyo, kuliko siku mche wa kwanza ulipotiwa ardhini.

Inasimuliwa kwamba Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Amri hiyo hupendwa na vitabu vya shule kwa sababu inaonyesha utashi wa mtu mmoja. Lakini amri haichumi. Takwimu za wafanyabiashara wa wakati huo zinaonyesha karafuu zilizosafirishwa zikiwa chini ya frasila 10,000 mwishoni mwa miaka ya 1830, na chini ya miaka kumi baadaye zikikaribia 100,000. Kuongezeka huko ni miti iliyopandwa miaka ya nyuma ikiingia kuzaa kwa pamoja, na ni watu waliovushwa kutoka Kilwa, Wayao, Wangindo, Wanyasa, Wamakua na wengine, ili wawepo matumba yakijaa. Mtumwa wa shamba alizoea kuachiwa Alhamisi na Ijumaa alime kipande chake cha mihogo na mtama, lakini msimu wa karafuu ulizila siku hizo pia, na baadhi ya wenye mashamba walilazimika kulipa chochote kwa siku hizo mbili. Ni jambo dogo katika nyaraka, lakini mimi nalitazama kwa makini: hata ndani ya utumwa, mavuno yaliweza kumpa mchumaji nafasi ya kudai.

Kuna anayeweza kusema kwamba bei ndiyo iliyoendesha yote haya, na mchumaji alifuata tu. Basi tutazame bei. Karafuu zilipofurika miaka ya 1840 bei ilianguka kwa zaidi ya nusu, na ikabaki chini kwa muda mrefu. Kama bei ndiyo mwendeshaji, wenye mashamba wangepunguza. Hawakupunguza. Mwenye shamba alikwisha kuweka fedha zake ndani ya watu, na mtu aliyenunuliwa hagharimu kidogo zaidi kwa kukaa bure. Miti nayo ilikwisha kuota. Waliokopa kwa Wahindi wa mjini ili wanunue watumwa na kupanua mashamba walihitaji karafuu nyingi zaidi kadiri bei ilivyoshuka, ili walipe deni lilelile. Bei ilieleza ukubwa wa deni. Haikueleza kwa nini watu waliendelea kupanda miti.

Aprili 1872 kimbunga kikapita juu ya Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, theluthi mbili kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara. Pemba iliguswa kidogo tu. Tangu wakati huo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu, ikitoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mavuno. Huu ni ushahidi mzito dhidi ya hoja yangu, kwa sababu upepo haujali nani anachuma. Naukubali kwa sehemu. Kimbunga kinaeleza kwa nini miti ilibaki Pemba. Hakielezi kwa nini Unguja, ambayo bei baada ya kimbunga iliivutia ipande upya, haikurudi pale ilipokuwa, wala kwa nini Pemba ilipata umbo lake la pekee. Mwaka mmoja baada ya kimbunga, mwaka 1873, Sultani Seyyid Barghash akibanwa na Waingereza alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirishwa watumwa baharini. Unguja ilikuwa inapanda upya wakati ambapo watu wapya walikuwa ghali na wa magendo. Pemba, kwa upande wake, ilikuwa na jibu jingine tayari. Wapemba hawakuwa wamesukumiwa nje ya zao. Walioana na wageni, waliishi katikati ya mashamba, na wengi walipata miti kwa mapatano ya nusu kwa nusu: mtu anasafisha msitu wa mwenzake, anapanda na kuitunza miche mpaka ishike, kisha miti inagawiwa. Mapatano hayo yaligeuza jasho kuwa miti. Mchumaji wa Pemba mara nyingi alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, michache, iliyotapakaa, mingine ikiwa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Hili la mti kuwa juu ya ardhi ya mtu mwingine linastahili kukaziwa, kwa sababu linajibu wale wanaosoma historia hii kama mgogoro wa ardhi tu. Visiwani, mti na ardhi ni mali mbili. Mti huuzwa, hurithiwa, hutiwa wakfu na huwekwa rehani peke yake, na mirathi ya Kiislamu imewapa wanawake wengi wa Pemba mikarafuu ambayo hawakupata kuipanda. Karafuu zilizo bado juu ya mti nazo ni mali ya tatu: hukodishwa kwa msimu mmoja kwa anayetaka kuthubutu. Rehani, ushuru, mikopo na ugomvi wa mahakamani, vyote vilihusu zaidi miti na mavuno yajayo kuliko eka. Kodi kubwa ya serikali nayo haikuwa ya ardhi bali ushuru wa karafuu zilizokwisha kuchumwa, ambao mwanzoni mwa utawala wa Waingereza ulikuwa asilimia 25. Dola iliyojengwa juu ya ushuru wa aina hiyo haina budi kujishughulisha na mchumaji, ipende isipende.

Ikajishughulisha. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1897 amri ya Sultani ikauondolea utumwa nguvu ya kisheria. Waingereza waliokuwa wakihubiri uhuru kwa miongo mingi sasa walijaa hofu: watumwa wakiondoka, karafuu zitaanguka, ushuru utaanguka, na serikali pia. Amri yenyewe iliandikwa kwa tahadhari hiyo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama kudai uhuru wake, bwana wake akalipwa fidia, na aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Mapatano ya kukaa shambani yalihimizwa: aliyekuwa mtumwa anabaki kwenye kibanda chake, analima mihogo chini ya mikarafuu, na kwa malipo ya kukaa anampalilia mwenye shamba au anamchumia msimu. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 juu ya safari ya kutoka utumwani hadi ukaazi wa mashamba, ameieleza hali hii kama mvutano ambao hakuna upande ulioushinda. Wenye mashamba hawakuweza kuwafukuza wakaazi kwa sababu wangewahitaji msimu ukifika. Wakaazi hawakuhitaji kufanya zaidi ya walichokubali, kwa sababu jirani naye alikuwa anatafuta watu.

Karafuu hazikuanguka. Hilo ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika miaka hiyo, na ndilo linaloonyesha uzito wa swali la mchumaji. Utumwa ulikwisha, na mavuno ya mwanzoni mwa karne ya 20 yakaendelea kuwa makubwa, Zanzibar ikitoa sehemu kubwa mno ya karafuu za dunia. Kwa nini? Kwa sababu uchumaji, kazi ya muda mfupi inayolipwa kwa pishi, iliwafaa watu huru. Watumbatu walivuka kwenda Pemba. Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja, ambao serikali ilianza kwa kuwasukuma kupitia masheha wao, baadaye walikwenda kwa hesabu zao wenyewe, wakipanga safari baina ya uvuvi na kilimo chao. Wanyamwezi na watu wengine wa bara waliletwa au wakaja. Wapemba walichuma yao kisha ya wengine. Kilichokosa watu ni kupalilia. Palizi ni kazi ya mwaka mzima, isiyo na msisimko, yenye malipo madogo, nayo ilikuwa imefungamana mno na kumbukumbu ya jembe la utumwa. Mchumaji alikuja, mpaliliaji hakuja. Mashamba mengi ya Unguja yakaota pori chini ya miti iliyokuwa bado inazaa, na waliopanda mipya walikuwa wachache. Uzee wa mikarafuu unaolalamikiwa mpaka leo ulianza hapo.

Madeni nayo huonekana kwa sura nyingine tukiyatazama kutoka juu ya mti. Husemwa kwamba Waarabu wenye mashamba walikopa kwa Wahindi kwa ajili ya harusi na fahari. Fahari ilikuwepo, bila shaka. Lakini mwenye shamba alihitaji fedha taslimu hasa pale ambapo hakuwa nazo, yaani kabla hajauza: mchumaji alitaka ujira wake kwa pishi aliyoileta leo, wakati karafuu zilikuwa bado jamvini. Aliyempa fedha hizo ndiye aliyenunua karafuu, kwa bei aliyoitaja mapema. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927, kilianza kwa kujaribu kuwasaidia wenye mashamba katika gharama hizo za mavuno, na kikaishia kupewa na serikali ya kikoloni mamlaka juu ya biashara yote. Sheria za 1934 na 1937 ziliwabana wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakasusia. Mgomo huo ulivuka bahari: chama cha Congress kule India kilishawishi watu wasinunue karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mwaka 1938 serikali ikakubali maafikiano. Katika mzozo huo wote, uliojaa hotuba juu ya Mwarabu na Mhindi, mchumaji hakuitwa mezani, ingawa fedha zilizogombewa zilikuwa zile za kumlipa yeye.

Upo upande wa maradhi, ambao sipendi kuupita kimyakimya. Ugonjwa ulioitwa kufa ghafla uliwaangamizia wakulima wa Unguja maelfu ya mikarafuu katika karne ya 20. Mti wenye majani mabichi leo hukauka wote kwa muda mfupi, na kuvu aliyehusishwa na maradhi hayo alichunguzwa na watafiti kwa miaka. Hakuna hoja ya kazi na ujira inayoweza kufuta hasara hiyo. Ninachosema ni kwamba mti uliokufa huacha pengo, na pengo huzibwa na mtu mwenye sababu ya kungoja miaka saba. Mwenye miti yake michache alikuwa na sababu hiyo. Mkaazi aliyeruhusiwa mihogo tu hakuwa nayo, na hata akiwa nayo asingeruhusiwa, kwa sababu anayepanda mti wa kudumu hudai haki ya kudumu. Baada ya uchaguzi wa 1957 baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakaazi kwa sababu za kisiasa, na yale mapatano ya zamani, ambayo hakuna aliyeyapenda lakini kila mtu aliyaelewa, yakavunjika. Chuki iliyotokana na kufukuzwa huko iliingia katika machafuko ya Juni 1961 na katika Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi na kugawa mashamba ya eka tatu tatu kwa familia zisizokuwa na ardhi. Wengi waliopewa ni wale ambao wao au wazazi wao waliichuma miti hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza mchumaji wa Unguja alisogezwa karibu na umiliki, ingawa eka hizo zilikuwa za kutumia tu, si za kuuza. Lakini serikali hiyohiyo ikashika soko lote kupitia shirika lake la biashara, ikamlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya nje, na msimu ulipofika ikafunga shule na kuwapeleka wanafunzi kuchuma kwa jina la kujenga taifa. Jibu lilikuwa limerudi karibu na lile la zamani: mikono inayoamriwa. Anayeshikilia kwamba bei ya dunia ndiyo inayoamua mavuno aitazame miaka ya 1970. Indonesia, nchi ya asili ya mkarafuu, ilikuwa ikinunua karafuu za Zanzibar kwa wingi kwa ajili ya kretek, sigara zake za tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Bei ya nje ilikuwa nzuri mno, na mavuno ya visiwani yakaendelea kudidimia. Bei haikuwa ikifika kwenye tawi. Karafuu za Pemba zilivuka usiku kwenda Mombasa na Shimoni, ingawa adhabu ya magendo ilifikishwa hadi kifo. Watu wanaohatarisha shingo ili wauze upande wa kaskazini hawajachoka na karafuu. Wamechoka na masharti. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Hapo ndipo soko lilipopiga kweli, lakini lilimpiga mkulima ambaye alikwisha kukatishwa tamaa wakati wa neema.

Ni ajabu kidogo kwamba sehemu kubwa ya karafuu za dunia huishia kuwa moshi wa Java, maana visiwani kwenyewe matumizi ni ya kipimo cha vidole. Punje chache katika pilau, punje mbili tatu katika chai ya viungo, karafuu ya kutafuna jino likiuma, karafuu iliyosagwa katika singo ya bibi harusi, mafuta ya kukanda maungo. Hata kikonyo hakitupwi: makonyo hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake. Lakini matumizi yote hayo ya nyumbani yakijumlishwa hayawezi kuchumisha hata shamba moja kubwa. Zao hili tangu mwanzo ni la kuuzwa nje, na ndiyo maana tangu mwanzo limetegemea jinsi fedha ya nje inavyogawiwa kabla ya kumfikia aliye juu ya mti.

Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar ilipandisha sana bei ya kununulia na kuahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karafuu ambazo zingevushwa kwa magendo zikaingia katika vituo vya kununulia, kutoka kwenye mikarafuu ileile iliyokuwa ikiitwa mizee na isiyo na faida. Vikosi vya doria vilikuwepo pia, na wapo wanaovipa sifa zote. Lakini doria zilikuwepo tangu miaka ya 1960, na hazikuwahi kuleta matokeo hayo zikiwa peke yake. Utaratibu wa kuwalipa fidia wanaoanguka wakati wa kuchuma nao umewekwa, karibu karne mbili baada ya Kizimbani. Shule za Pemba zimewahi kufungwa tena msimu ukizidi nguvu, safari hii watoto wakichuma zaidi mikarafuu ya nyumbani kwao. Wanaotoka Tumbatu na Makunduchi bado huvuka na kupiga kambi. Vijana wengi wa Pemba, hata hivyo, wako madukani Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, na si wote wanaorudi kwa ajili ya pishi. Kwa hiyo katika mwaka ambao mikarafuu imefurika, mwenye shamba hutangulia kuzunguka vijijini kutafuta watu kabla matumba hayajageuka rangi, na mchumaji ndiye anayetaja bei.